Vijidudu katika Sanduku la Chatu: Namna ya Kutofautisha Utitiri Usiodhuru na Unaonyonya Damu

Mfugaji anayefungua sanduku la chatu wake na kukuta vijidudu vikitembea juu ya matandiko huwa na haraka ya kutafuta dawa, na hapa Tabora dawa iliyo karibu zaidi ni ile ya kuogeshea ng'ombe, inayopatikana katika maduka ya pembejeo na dawa za mifugo. Haraka hiyo ni ya hatari. Vijidudu vingi vinavyoonekana katika makazi ya nyoka, hasa wakati wa mvua, havina haja na nyoka mwenyewe; vinakula ukungu, mabaki ya chakula na kinyesi, na vitapungua vyenyewe matandiko yakikauka. Ilhali dawa iliyokusudiwa ngozi ya ng'ombe, ikimwagwa juu ya nyoka au ndani ya sanduku lisilopitisha hewa ya kutosha, inaweza kumuua mnyama ambaye vijidudu vile visingemfanya lolote. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kazi ya kwanza ni kumtambua mdudu, na kwamba kazi hiyo inawezekana kwa vitu vya kawaida: karatasi nyeupe, selotepu, bakuli la maji na lenzi ya mkono inayokuza mara kumi.

Maelezo yanayofuata yamepangwa kwa dalili, kwa kuwa mfugaji huanza na kile anachokiona kwa macho na si na jina la mdudu. Nimewafikiria zaidi wenye chatu, awe ni chatu wa wacheza ngoma wa Buyeye, chama cha wataalamu wa nyoka kinachojulikana tangu zamani kwa Wanyamwezi na Wasukuma, au chatu wa banda la maonyesho. Chatu ni mnyamapori, na kumweka bila kibali ni kinyume cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Asiye na kibali aanze na hilo. Mwenye nyoka wa sumu, kama vile kifutu au swila, asijaribu ukaguzi wowote wa kumshika mnyama unaoelezwa hapa. Atumie karatasi, bakuli la maji na gamba lililovuliwa, ambavyo vinatosha kumpa jibu bila kuhatarisha mkono wake.

Utitiri wenyewe ulivyo

Utitiri wa nyoka, ambao wataalamu huuita Ophionyssus natricis, ni jamaa ya kupe na buibui. Jike lililoshiba damu hufikia milimita 1.3 hivi kwa urefu, likawa jeusi au jekundu iliyoiva, la mviringo, na huonekana vizuri kwa macho matupu. Dume na wadogo ambao hawajala ni wepesi wa rangi, kati ya njano hafifu na kahawia, na hao ndio wanaowachanganya watu. Yai huanguliwa ndani ya siku moja hadi nne. Kinachotoka kina miguu sita na hakili kitu. Kikijivua kinakuwa na miguu minane na sasa lazima kipate damu, la sivyo kitakufa ndani ya majuma mawili au matatu. Baada ya kushiba hupitia hatua nyingine isiyokula, kisha huwa mdudu kamili anayenyonya tena. Katika joto la nyuzi 25 hivi safari yote kutoka yai hadi utu uzima huchukua takriban siku 13 hadi 19, na jike moja hutaga mayai kati ya 60 na 80 katika maisha yake. Jike ambalo halijakutana na dume nalo hutaga, na mayai yake hutoa madume, ambayo baadaye yanaweza kulipanda jike hilohilo. Kwa hiyo mdudu mmoja tu aliyeingia kwa mfuko wa kuazima anatosha kuanzisha kizazi kizima.

Jambo la kukumbuka kuliko yote ni kwamba utitiri huu hautagi mayai juu ya nyoka. Hushuka na kutafuta mahali penye giza na unyevu: ufa wa mbao, pembe ya sanduku, chini ya bakuli, ndani ya pindo la gunia. Anayemtibu nyoka na kuliacha sanduku ametibu nusu ndogo ya tatizo.

Ukiona vijidudu vyeupe vikitambaa kwenye matandiko

Hii ndiyo dalili inayoleta hofu nyingi na ambayo mara nyingi haina ubaya. Matandiko yanayotumika zaidi kwetu ni pumba za mpunga na maranda kutoka kwa maseremala, kwa kuwa vyote viwili hupatikana kwa urahisi. Mvua zinapoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, pumba na maranda hunyonya unyevu wa hewa, bakuli la maji linapomwagika hazikauki, na chini yake ukungu huota. Utitiri wa ukungu hufuata ukungu huo. Ni mdogo kuliko ule wa nyoka, mara nyingi chini ya nusu milimita, mweupe unaokaribia kupitisha mwanga, na ukiutazama kwa lenzi utaona mwili uliovimba kama tone pamoja na vinyweleo virefu vilivyosimama mgongoni. Hutembea polepole. Hukusanyika panapooza: chini ya bakuli, kwenye kinyesi cha zamani, juu ya mabaki ya panya ambaye nyoka alimwacha.

Pamoja nao huweza kuwapo viumbe wengine wasio na madhara. Wapo wanaoruka ghafla ukiwagusa kwa ncha ya kijiti. Hao ni wadudu wadogo wa udongo wenye mkia wa kurukia, na kuruka peke yake kunatosha kuwaondolea mashaka, maana utitiri hauruki. Wapo pia utitiri wa majani makavu, wenye gamba gumu la kahawia linalong'aa kama mbegu ndogo, ambao huingia na udongo au majani ya miyombo yaliyookotwa porini ili kupamba sanduku. Hawa wa mwisho huwatisha watu kwa sababu ya rangi yao ya giza. Ukimbonyeza mmoja kwa ukucha hasagiki kirahisi, na akisagika hatoi damu.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha karatasi nyeupe. Mtoe nyoka katika sanduku lake, mweke katika sanduku jingine safi la plastiki lenye mashimo ya hewa, tandika karatasi nyeupe isiyo na maandishi, weka bakuli la maji safi na boksi dogo la kujifichia, kisha mwache humo usiku mbili. Kila asubuhi inua karatasi polepole uichunguze juu na chini, hasa penye mikunjo na chini ya boksi. Kama vijidudu ni vya ukungu, vimebaki nyuma katika matandiko yake ya zamani, na karatasi itakuwa safi au itakuwa na kimoja kimoja kilichodandia kwa bahati. Kama ni utitiri wa nyoka, umesafiri naye mwilini, na kwenye karatasi utakuta vijidudu vyeusi, vumbi jeupe na pengine madoa ya rangi ya damu pale alipolala juu yao. Kipimo hiki hakigharimu kitu, hakimuumizi nyoka, na kinamfaa hata mwenye nyoka wa sumu aliye na sanduku la kuhamishia lenye mlango wa kusukuma.

Tahadhari moja kuhusu mwendo. Mara nyingi husemwa kwamba kinachokwenda polepole hakidhuru na kinachokwenda mbio kinanyonya damu. Hilo ni kweli kwa kiasi tu. Uko utitiri windaji, wa rangi ya kahawia ya asali, unaoishi kwenye udongo na matandiko ukiwala utitiri mwingine, nao hukimbia sana. Katika nchi nyingine wafugaji huununua na kuumwaga kwa makusudi ndani ya makazi ya nyoka ili uwale wanyonyaji. Mwendo uwe kidokezo cha kukufanya uangalie zaidi, lakini hukumu itokane na mahali alipo mdudu na kama ana damu ndani yake.

Ukiona chembe nyeusi zimezama katika bakuli la maji

Hapa ndipo penye ushahidi mzito. Utitiri wa nyoka huzama majini kwa urahisi, na nyoka anayewashwa huingia ndani ya bakuli ili kujipoza, hivyo chini ya bakuli hukusanyika chembe zinazofanana na pilipili manga iliyosagwa. Usizimwage kabla ya kuzichunguza. Jioni osha bakuli, tia maji safi, na asubuhi yachuje kupitia kitambaa cheupe. Kinachobaki kitambaani kitazame kwa lenzi. Masizi hayana miguu, mchanga hauna miguu, na sisimizi ana kiuno chembamba na miguu sita. Mwili wa mviringo usio na kiuno, wenye miguu minane katika nusu ya mbele ya mwili, ni utitiri. Kisha uubonyeze juu ya kitambaa kwa mgongo wa kijiko. Ukiacha doa jekundu au la kahawia iliyokolea, umekula damu, na kwa kuwa umetoka katika bakuli ambalo nyoka amelala ndani yake, shaka iliyobaki ni ndogo sana. Doa lisipoonekana usihitimishe kwamba nyoka yuko salama, maana madume na wadogo wenye njaa hawana damu ya kuonyesha. Rudia usiku unaofuata.

Ukiona vumbi jeupe juu ya magamba

Nyoka aliye na utitiri mwingi huonekana kama amenyunyiziwa majivu, na vumbi hilo ni kinyesi cha wadudu wenyewe. Lakini kwetu vumbi ni la kila siku kuanzia Juni hadi Oktoba, na nyumba yenye kuta za chokaa au jiko la mkaa karibu itampaka nyoka yeyote. Mfute kwa kitambaa chenye maji kidogo, mweke kwenye karatasi safi katika chumba kisicho na moshi, na umtazame kesho yake. Vumbi likirudi katika mistari kati ya magamba na kuzunguka macho wakati karatasi yenyewe haina vumbi la nyumba, endelea na ukaguzi wa mwili.

Ukaguzi wa mwili wa chatu

Ukaguzi huu ufanywe na watu wawili kama chatu amezidi urefu wa mita moja na nusu, mmoja akishika kichwa na shingo na mwingine akibeba mwili ili uti wa mgongo usining'inie. Ufanyike mchana, karibu na dirisha au mlango, kwa kuwa mwanga wa tochi hung'aa juu ya magamba na kuficha mengi.

Anza na kidevu. Chini ya taya la chatu, katikati kabisa, kuna mfereji wa ngozi laini unaofunguka anapomeza windo. Uutanue kwa upole kwa vidole viwili. Ngozi iliyo ndani yake ni nyembamba, haina gamba gumu, na ndiyo sehemu ambayo utitiri huipenda kuliko nyingine zote. Mara nyingi utawakuta wamejipanga humo vichwa vimezama, migongo yao myeusi ikionekana kama mbegu za mchicha. Kisha tazama macho. Nyoka hana kope; jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, na kati ya gamba hilo na magamba yanayolizunguka kuna ukingo mwembamba sana. Utitiri ukijichomeka humo, ukingo huvimba, magamba ya pembeni huinuka, na jicho huonekana kama limewekewa pete. Baada ya hapo kagua vishimo vilivyo kwenye midomo yake, ambavyo chatu huvitumia kuhisi joto la windo, ukikumbuka kwamba vishimo hivyo hushika pia uchafu wa kawaida. Ncha ya pamba iliyoloweshwa itatoa uchafu, lakini utitiri utaondoka kwa kutembea au utabaki umeng'ang'ania. Malizia kwa tundu la haja karibu na mkia.

Unachokipata kibandike kwenye selotepu na uibandike selotepu hiyo juu ya karatasi nyeupe. Mdudu atakaa bila kukimbia na utamtazama kwa utulivu. Ukitaka jibu la uhakika, weka wengine wachache ndani ya kichupa chenye spiriti, andika tarehe na mahali walipotoka, na uwapeleke kwa daktari wa mifugo au katika kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kilichopo hapa Tabora, ambako hadubini itamaliza mjadala.

Gamba lililovuliwa nalo ni shahidi mzuri asiyehitaji kushikwa na watu wawili. Likiwa bado laini, lifungue juu ya karatasi na uangalie sehemu ya kichwa. Utitiri hunaswa katika mikunjo yake, na gamba la nyoka anayeshambuliwa mara nyingi hutoka vipande vipande.

Wadudu wamefanana na wa nyoka, lakini kuna kuku karibu

Suala hili linahitaji nafasi yake kwa sababu ni la mazingira yetu. Wengi humlisha chatu kuku wa kienyeji, na sanduku la nyoka huwekwa stoo au uani, ukuta mmoja na banda la kuku. Utitiri mwekundu wa kuku ni wa ukoo wa karibu na ule wa nyoka: ukubwa wao unakaribiana, una miguu minane, huwa wa kijivu ukiwa na njaa na mwekundu ukishiba, na unakimbia. Kwa macho matupu, na hata kwa lenzi ndogo, usijaribu kuwatofautisha kwa sura. Watofautishe kwa tabia. Utitiri wa kuku humnyonya ndege usiku na mchana hujificha katika nyufa za kichanja na viota. Hauna desturi ya kukaa chini ya magamba ya nyoka mchana kutwa. Kwa hiyo kama vijidudu viko kwenye mbao za sanduku upande ule ulio karibu na banda, na mfereji wa kidevu pamoja na kingo za macho ni safi, ingia bandani usiku ukiwa na tochi na karatasi nyeupe, ukwangue chini ya kichanja. Ukikuta vishada vya wadudu wenye damu, chanzo umekipata, na tiba inaanzia kwa kuku. Sogeza sanduku la nyoka mbali, na acha kabisa kumwingiza kuku hai ndani yake.

Mtu anayepata vipele vya kuwasha mikononi baada ya kumshika nyoka asidhani kwamba hilo linamaliza swali, kwa kuwa utitiri wa aina zote mbili humuuma binadamu. Papasi wa kwenye sakafu za udongo pia huuma, tena wao huambukiza homa. Lakini papasi ni wakubwa zaidi, wana ngozi iliyokunjamana, na hawawezi kuchanganywa na utitiri na mtu aliyewatazama mara moja kwa makini. Chawa na viroboto si wadudu wa nyoka. Ukimkuta mmoja juu ya chatu, ametoka kwa kuku, kwa panya au kwa paka.

Nyoka anakaa majini kutwa

Dalili hii peke yake haitoshi kumhukumu utitiri. Chatu hupenda maji, na zipo sababu nyingine tatu za kuangalia kwanza. Anapokaribia kujivua gamba, macho yake huwa na ukungu wa samawati na rangi ya mwili hufifia. Wakati huo kukaa majini ni kawaida. Mwezi wa Septemba na Oktoba, joto la mchana linapopanda na hewa ikiwa kavu kabisa, sanduku lililo chini ya paa la bati humlazimisha kutafuta ubaridi. Na sanduku lisilo na mahali pa kujificha humfanya atumie bakuli kama pango. Rekebisha kivuli, unyevu na maficho, kisha ungoje siku chache. Akiendelea kukaa majini wakati macho ni angavu na sanduku halina joto kali, fanya kipimo cha bakuli kilichoelezwa hapo juu.

Msimu nao husaidia kufikiri. Vijidudu vyeupe vinavyotokea Januari, mvua zikiwa zimepamba moto, vina uwezekano mkubwa wa kuwa vya ukungu. Vijidudu vyeusi vinavyotokea Agosti kwenye matandiko makavu kabisa haviwezi kusingiziwa ukungu, kwa sababu ukungu haupo. Hapo uliza ni nyoka gani mgeni aliingia, au ni mfuko wa nani ulioazimwa katika msimu wa ngoma baada ya mavuno, ambapo nyoka wa wacheza ngoma tofauti hukutana na kubebwa pamoja.

Kitu kimeng'ang'ania na hakitembei

Huyo ni kupe, na ni wa kawaida sana kwa chatu waliotoka porini. Nyoka wa Afrika wana kupe wao, mmojawapo akiwa Amblyomma latum, ambaye hujibana kati ya magamba akiwa bapa na wa kahawia, kiasi kwamba huonekana kama gamba lililopinda. Pitisha kiganja kuelekea mkiani, kisha polepole kinyume chake. Pale gamba linapoinuka, angalia chini yake. Kupe atolewe kwa kibanio chembamba, ameshikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa kwa nguvu ya taratibu bila kusokotwa, na kidonda kipakwe iodini iliyopunguzwa kwa maji. Usimchome moto wala kumpaka mafuta ya taa. Kupe wachache ni kazi ya nusu saa. Wakiwa kadhaa kwa chatu mdogo aliyedhoofu, ni kazi ya daktari.

Nyoka amedhoofu, hali chakula, na ndani ya mdomo amepauka

Ukiona haya pamoja na ushahidi wa utitiri, usijitibie nyumbani. Kupauka kwa ngozi ya ndani ya mdomo ni alama ya upungufu wa damu, na chatu mchanga huweza kufa kwa hilo. Aidha, mtafiti wa Marekani Joseph Camin alionyesha tangu mwaka 1948 kwamba utitiri huu unaweza kuhamisha bakteria wanaosababisha sumu ya damu kutoka nyoka mmoja hadi mwingine. Unashukiwa pia kusambaza virusi vya ugonjwa hatari wa chatu unaoharibu mishipa ya fahamu. Kama dalili hizi zipo bila utitiri wowote kuonekana, tafuta minyoo na vimelea vya ndani kwa kupeleka kinyesi maabara, na uwe makini kunawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa baadhi ya vimelea vya ndani vya chatu wa Afrika humwingia binadamu pia.

Hatua za kuchukua

Kama ni utitiri wa ukungu, usitumie dawa yoyote. Toa matandiko yote, yatupe kwenye shimo la taka, sugua sanduku kwa maji ya moto na sabuni, lianike juani likiwa wazi hadi mbao zikauke kabisa, na uweke matandiko mapya makavu kwa kina pungufu kuliko awali. Ondoa kinyesi na windo lisiloliwa siku hiyohiyo. Sogeza bakuli mahali lisipomwagika. Akiwa juu ya karatasi katika siku hizo, nyoka hahitaji kitu kingine.

Kama ni utitiri wa nyoka, kazi ni ndefu na inahitaji uvumilivu. Nyoka wote walio katika chumba hicho wahesabiwe kuwa wanao, hata kama umeuona kwa mmoja. Kila mmoja ahamie kwenye sanduku la plastiki lenye karatasi, na karatasi ichomwe na kubadilishwa kila siku kwa juma la kwanza. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, ya nyuzi 28 hadi 30, yasiyozidi nusu ya unene wa mwili wake, kwa muda wa dakika 20 au 30, ukiwa umekaa naye wakati wote. Kuoga huzamisha wengi, lakini walio hai hukimbilia kichwani; kwa hiyo baada ya kuoga pitisha ncha ya pamba yenye mafuta kidogo ya alizeti kwenye ukingo wa macho na ndani ya mfereji wa kidevu. Sanduku la zamani limwagiwe maji yanayochemka katika kila ufa, kisha likae juani. La mbao lililojaa nyufa, ninashauri lichomwe; kulisafisha hadi kuwa na uhakika ni kazi kubwa kuliko kutengeneza jingine. Mifuko na magunia yachemshwe.

Kuhusu dawa, daktari wa mifugo ndiye wa kuamua. Zipo zinazotumika kwa nyoka, zikiwamo fiproni inayofutwa mwilini kwa kitambaa, na ivamektini ya sindano. Chukua mfano wa ivamektini ili uone kwa nini kukisia hakufai. Kiasi kinachotajwa mara nyingi kwa nyoka ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, na dawa ya ng'ombe inayouzwa madukani ina miligramu 10 katika kila mililita. Chatu wa kilo mbili anahitaji miligramu 0.4, yaani mililita 0.04, ambayo ni alama nne ndogo kabisa kwenye bomba la sindano la mililita moja. Mtu aliyezoea kumchoma ng'ombe mililita kadhaa kwa mkono mwepesi hawezi kukipata kipimo hicho kwa kukadiria. Dawa hiyo isitumike kamwe kwa kobe, kwa kuwa huwaua, wala mahali ambapo kobe na nyoka wanafugwa pamoja. Dawa za kuogeshea zenye amitrazi au saipamethrini zisimguse nyoka. Nyoka aliyedhurika kwa dawa za namna hiyo hutetemeka, huzungusha kichwa, na ukimlaza chali hawezi kujigeuza. Akifikia hapo, mwoshe mara moja kwa maji safi mengi ya uvuguvugu, mweke penye hewa, na umwite daktari.

Matibabu yoyote hurudiwa kama daktari atakavyopanga, kwa kawaida baada ya majuma mawili, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa nyingi na waliokuwa mayai siku ya kwanza watakuwa wananyonya siku ya pili ya tiba. Endelea na karatasi nyeupe na bakuli la kuchuja hadi zipite wiki sita mfululizo bila kuona hata mmoja. Akionekana mmoja katika wiki ya tano, hesabu inaanza upya. Nyoka mgeni yeyote, hata akitoka kwa mtu unayemheshimu, akae chumba cha peke yake kwa siku 60 hadi 90, juu ya karatasi, na ahudumiwe wa mwisho kila siku, baada ya hapo mhudumu abadilishe nguo na kunawa hadi viwikoni kabla ya kuwagusa wengine.